Pini Isiyokula Tundu Lake: Mwongozo wa Kuchagua Chuma cha Pini za Bunduki za Upepo

Pini ni kipande kifupi cha chuma cha duara kinachopitishwa katika tundu ili kiunganishe sehemu mbili, au kiwe mhimili ambao sehemu mojawapo huzunguka juu yake. Katika bunduki ya upepo ya springi, yaani ile ambayo springi iliyokazwa huisukuma pistoni ndani ya silinda mpaka hewa iliyobanwa mbele yake ikakifukuza kidonge cha risasi kupitia mtutu, pini hizo huwa chache na ndogo, lakini ndizo zinazobeba kani ya springi tangu bunduki inapokokiwa hadi kifyatulio kinapovutwa. Fundi anayejitengenezea pini ya badala nyumbani huanza mara nyingi kwa kuuliza ni chuma kipi kilicho kigumu kuliko vyote, ilhali swali linalostahili kutangulia ni la tundu: pini itakaa ndani ya chuma cha namna gani, itazungukwa na wenzo wa chuma gani, na kati ya hivyo vitatu ni kipi kinachopaswa kuchakaa kwanza. Pini hutengenezwa upya kwa mchana mmoja, lakini silinda ambayo tundu lake limetanuka haitengenezeki kwa wepesi huo, na katika bunduki ya zamani huenda mbadala wake usipatikane kabisa.

Haja ya kutengeneza pini nyumbani hutokana na umri wa bunduki zenyewe. Bunduki zilizoundwa kwa mtindo wa Lincoln Jeffries na kutengenezwa na BSA mjini Birmingham kuanzia mwaka 1905 bado zinapiga shabaha mikononi mwa wanaozitunza, na vivyo hivyo bunduki nyingi za Webley za Uingereza, za Diana kutoka Rastatt, na za Weihrauch kutoka Mellrichstadt nchini Ujerumani. Springi na vizibo vya pistoni vya bunduki hizo huuzwa kwa sababu kila mtu hujua kwamba huchakaa, ila pini husahaulika, hupotea chini ya meza siku bunduki inapofunguliwa, au hugongwa kwa kifaa kisichofaa hadi ncha zake zikapanuka kama uyoga na kuacha kutoka.

Kani inayoilemea pini hueleweka vibaya hata na mafundi wazoefu. Hofu ya kawaida ni kwamba pini itakatika, yaani itakatwa na pande mbili zinazovutana kinyume kama kitambaa katikati ya mkasi, lakini hesabu huonyesha kwamba hatari kubwa haiko huko. Ikichukuliwa kwa mfano kulabu inayoizuia pistoni, yenye kuilemea pini yake kwa niutoni 700, kani inayokaribia uzito wa kilo 70, juu ya pini ya milimita 3 iliyoshikwa pande zote mbili, mkazo wa kukata utakuwa kama megapaskali 50 tu, kiasi ambacho hata chuma cha msumari hukivumilia. Kani hiyohiyo ikiangukia katikati ya pini ambayo kuta zinazoishikilia zimeachana kwa milimita 10, mkazo wa kupinda hufika takriban megapaskali 660, na hapo chuma laini, ambacho huanza kupinda bila kurudi kati ya megapaskali 250 na 400 kulingana na jinsi kilivyovutwa kiwandani, hakina uwezo wa kuendelea. Pini haikatiki, hupinda kidogo sana, pengine kwa upana wa unywele, kisha hukataa kutoka katika tundu, na kulabu iliyokuwa imekaa wima huegemea upande mmoja.

Kutokana na hesabu hiyo hufuata mambo mawili ambayo huokoa zaidi kuliko chuma chochote cha bei kubwa. La kwanza ni kwamba uwezo wa pini kuhimili kupindwa hukua kwa mchemraba wa kipenyo chake, hivi kwamba pini ya milimita 4 huhimili zaidi ya mara mbili ya pini ya milimita 3, na mkazo wa megapaskali 660 hushuka hadi karibu 280. La pili ni kwamba wenzo mpana unaoijaza nafasi iliyo kati ya kuta hutawanya kani na kuushusha mkazo hadi karibu nusu, kwa hiyo washa nyembamba mbili zilizowekwa kando ya wenzo unaocheza huku na huku huwa na faida kuliko kubadilisha chuma cha pini. Fundi anayekimbilia chuma kigumu kabla ya kutazama nafasi hiyo hutibu dalili na kuuacha ugonjwa.

Feleji ni chuma kilichochanganywa na kaboni kwa kiasi kidogo, kwa kawaida chini ya sehemu mbili katika mia, na kiasi hicho ndicho kinachoamua kama chuma kitaweza kutiwa ugumu kwa moto au la. Misumari ya dukani hutengenezwa kwa feleji laini yenye kaboni haba, ambayo hata ikichomwa hadi iwe nyekundu na kuchovywa ndani ya maji haiongezeki ugumu kwa kiasi cha maana. Msumari una kasoro nyingine mbili zinazotosha kuuondoa katika mjadala: si duara kamili, kwa kuwa huvutwa bila kusagwa na hubaki na alama za meno ya mashine karibu na kichwa, na mara nyingi umepakwa zinki ambayo hubanduka ndani ya tundu na kuwa unga unaosaga. Msumari unafaa kushikilia bunduki mezani wakati kipimo kinachukuliwa, na hapo kazi yake huisha.

Chuma kinachostahili kutajwa kwanza ni kile ambacho Waingereza hukiita feleji ya fedha, ingawa hakina fedha hata chembe na jina lake hutokana na mng'ao wa uso wake uliosagwa. Ni feleji ya zana yenye kaboni kati ya asilimia 0.95 na 1.25 na kromi kidogo, na huuzwa kwa fito fupi za milimita 333, yaani karibu inchi 13, ambazo zimesagwa kwa usahihi mkubwa wa kipenyo na kulainishwa kwa moto ili zikatike kwa msumeno wa kawaida. Wajerumani wanayo ya jamii hiyo chini ya alama ya 115CrV3, na Wamarekani huuziwa fito zinazofanana nayo kwa alama za W1 na O1, ambapo ya kwanza imekusudiwa kuchovywa ndani ya maji na ya pili ndani ya mafuta. Thamani ya fito hizi kwa mtengeneza pini haiko katika kemia peke yake: ufito uliosagwa kiwandani ni duara na laini kuliko kitu chochote ambacho mashine ndogo ya kukereza ya nyumbani ingeweza kutoa, kwa hiyo fundi hubakiwa na kazi ya kukata urefu na kuzungusha ncha.

Je, feleji ya fedha itiwe ugumu au iachwe kama ilivyotoka dukani? Kwa pini nyingi za bunduki ya upepo jibu la mwongozo huu ni kwamba iachwe. Silinda na kuta zinazoshikilia pini hutengenezwa kwa feleji laini, wakati kulabu na nyenzo za kifyatulio hutiwa ugumu wa juujuu, yaani ngozi yake nyembamba hulishwa kaboni ikawa ngumu kama tupa huku kiini kikibaki chenye kunyumbulika. Feleji ya fedha isiyotiwa ugumu hukaa katikati ya ngazi hizo mbili, ngumu kuliko silinda na laini kuliko wenzo, na kwa sababu hiyo uchakavu huangukia pini yenyewe, mahali ambapo wenzo huizunguka. Pini iliyotiwa ugumu kamili hugeuza mpangilio huo: kwa kila mshindo wa pistoni hupigapiga ukingo wa tundu laini, na baada ya miaka tundu huwa na umbo la yai wakati pini ingali inang'aa. Mwenye bunduki huisifu pini hiyo kwa kudumu, pasipo kuona kwamba imedumu kwa gharama ya silinda.

Pale ambapo hesabu ya kupinda inadai nguvu zaidi, kama vile pini nyembamba ya kulabu au ile inayounganisha mkono wa kukokia na kuta zake ziko mbali, kutia ugumu ni halali, mradi ugumu huo upunguzwe baadaye. Ufito huchomwa hadi takriban nyuzi joto 770 au 780, rangi ya cheri iliyoiva ikitazamwa mahali penye kivuli, kisha huchovywa wima ili usipinde. Kipande chembamba cha milimita 3 au 4 hutosheka na mafuta, ambayo hupoza polepole kuliko maji na kupunguza hatari ya kupasuka. Sumaku iliyofungwa kwenye waya humsaidia asiyeliamini jicho lake, kwa kuwa feleji huacha kuvutwa na sumaku inapokaribia joto hilo, na kinachobaki ni kuongeza moto kidogo tu. Katika hali hiyo pini ni ngumu kama kioo na huvunjika kama kioo. Haipaswi kamwe kuingizwa ndani ya bunduki bila kurudishwa motoni kwa upole.

Kurudisha motoni ni kuipasha pini joto la chini ili ibadilishe sehemu ya ugumu wake kwa ushupavu, yaani uwezo wa kupokea mshindo bila kuvunjika. Pini husuguliwa kwanza kwa msasa laini hadi ing'ae, kwa sababu rangi inayojitokeza juu ya chuma safi ndiyo kipimajoto cha fundi: njano hafifu karibu na nyuzi 220, hudhurungi karibu na 255, zambarau karibu na 280, na samawati karibu na 300. Wembe hutaka njano. Pini ya bunduki hutaka samawati, na haifai kuikatiza mapema kwa uchu wa ugumu. Rangi hutegemea muda pia na si joto pekee, hivyo ni bora pini izikwe ndani ya mchanga uliopashwa moto kwenye karai, ambamo hubadilika kwa pamoja na polepole, kuliko kuelekezewa ndimi za moto zinazogeuza ncha moja kuwa samawati huku nyingine ingali njano.

Mahali ambapo feleji ya fedha haiuzwi, boliti zenye alama kichwani ni chanzo bora kuliko sifa zake zinavyovuma. Alama ya 8.8 humaanisha kwamba chuma huvumilia megapaskali 800 kabla ya kukatika na 640 kabla ya kupinda bila kurudi, na alama ya 12.9 humaanisha 1200 na 1080, na tayari boliti hizo zimetiwa ugumu na kurudishwa motoni kiwandani kwa uangalizi ambao fundi wa nyumbani hawezi kuufikia. Shina la boliti ya 8.8 hukerezeka na hukubali tupa, na pini iliyotolewa humo haihitaji moto tena. Ubaya wake ni uso: hakuna boliti iliyo duara kwa kiwango cha ufito uliosagwa, hivyo lazima ikerezwe ikiwa nene kuliko inavyotakiwa na kumaliziwa kwa msasa laini sana na mafuta.

Vyanzo vingine vipitiwe kwa haraka. Rola nyembamba za beringi hutengenezwa kwa feleji yenye kromi iliyotiwa ugumu wa takriban 58 hadi 65 kwa kipimo cha Rockwell C, na pini za kiwandani za kulinganisha sehemu za mashine zilizotiwa ugumu huwa karibu na 60. Zote mbili ni duara kwa namna ya kupendeza, na zote mbili ni ngumu kupita kiasi kwa tundu la feleji laini. Shina la biti ya kutobolea huwa dogo kidogo kuliko namba iliyoandikwa, na chuma chake huuhifadhi ugumu hata kikichomwa hadi nyuzi 500, kwa hiyo tanuri la nyumbani haliwezi kukilainisha. Waya wa piano, ambao kaboni yake iko kati ya asilimia 0.7 na 1.0 na ambao hupata nguvu kwa kuvutwa ukiwa baridi, ni hazina kwa pini zilizo chini ya milimita 2, ila hununuliwa ukiwa umeviringwa na kuunyoosha sawasawa ni kazi ya subira. Feleji isiyoshika kutu ya aina ya kawaida, ile ya vyombo vya jikoni, huwadanganya wengi kwa uzuri wake: haitiwi ugumu kwa moto, na ikisuguana na feleji nyingine bila mafuta ya kutosha hunata na kung'oana vipande. Shaba nyeupe na alumini hazina nafasi katika kazi ya kudumu, isipokuwa kijiti cha shaba nyeupe kinachotumika kuzipanga nyenzo za kifyatulio ndani ya mwili wa bunduki kabla pini halisi haijakifuata na kukisukuma nje.

Chuma kisichojulikana asili yake hupimwa kwa tupa, kwa cheche na kwa kuvunjwa. Tupa nzuri ikiuma kwa urahisi, chuma ni laini. Ikiuma kwa kusitasita, kiko katika kiwango kinachofaa pini. Ikiteleza kama juu ya kioo, ni kigumu mno. Kikiguswa kwenye jiwe la kunolea linalozunguka, feleji laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, wakati feleji yenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka na kutawanyika kama maua. Jaribio la kuvunja ndilo linalosema ukweli wote kuhusu moto uliotumika: kipande cha ziada hutiwa ugumu pamoja na pini, hufungwa kwenye jiliwa huku kikifunikwa kwa kitambaa ili vipande visiruke machoni, kisha hupigwa. Mahali kilipovunjika pakiwa pa kijivu, laini kama hariri, joto lilikuwa sahihi. Pakimetameta kwa chembe kubwa kama chumvi ya mawe, chuma kiliunguzwa, na pini zilizochomwa pamoja nacho zitupwe.

Ukubwa ndio unaotenganisha pini nzuri na pini inayoonekana nzuri. Bunduki za zamani za Uingereza zilitobolewa kwa inchi na za Ujerumani kwa milimita, na tofauti kati ya mifumo hiyo ni ndogo kiasi cha kumpoteza asiye na maikromita. Inchi moja ya nane ni milimita 3.175, hivyo pini ya milimita 3 hucheza ndani yake kwa karibu sehemu mbili za kumi za milimita, na kwa kuwa kina ambacho kulabu huushika ukingo wa pistoni mara nyingi hakifiki hata milimita chache, ulegevu huo hupunguza usalama waziwazi. Kinyume chake, tundu la inchi 5 za 32 ni milimita 3.97, na pini ya milimita 4 huingia humo kwa kugongwa tu, ikilipanua tundu siku ya kwanza. Pini inayozungukwa na wenzo hutaka uwazi wa takriban sehemu moja hadi tatu za mia za milimita, kiasi cha kuingia kwa kusukumwa na kidole ikiwa na mafuta na kutoanguka yenyewe bunduki ikiinamishwa.

Maikromita nayo ina upofu wake. Ufito uliosagwa vibaya unaweza kuwa na matumbo matatu yasiyoonekana, na upana wake ukabaki uleule kila upande unapopimwa, kama sarafu ya Uingereza ya pensi 50 ambayo ina pande saba na bado upana wake haubadiliki. Kasoro hiyo hugunduliwa kwa kuulaza ufito ndani ya mfereji wa umbo la V na kuuzungusha chini ya saa ya kupimia, ambayo sindano yake hutikisika hata pale maikromita iliposema kila kitu ni sawa.

Ncha za pini huzungushwa kidogo ili zisikwangue tundu zinapopita, na urefu wake hupungua kidogo kuliko upana wa mwili wa bunduki ili zisikikune kitako cha mbao kwa ndani. Grisi yenye molibdenamu hupakwa kwa uchache kwenye pini. Mafuta mepesi huepukwa, kwa sababu hutambaa hadi mbele ya pistoni na kuwaka kwa joto la hewa inayobanwa, jambo linaloongeza mshindo na kuharibu springi.

Springi haifunguliwi bila kibanio chake, na pini mpya ya kulabu haiaminiwi mpaka ijaribiwe. Katika bunduki inayokokiwa kwa kuvunja mtutu, mtutu hushikwa kwa mkono imara wakati wote wa jaribio na vidole haviingizwi mahali unapofungukia, kwa kuwa kulabu ikiponyoka mtutu hurudi kwa kasi inayoweza kuukata mkono. Bunduki hukokiwa na kufyatuliwa mara kadhaa ikiwa na kidonge na ikielekezwa kwenye kizuizi salama, kwani kufyatua pasipo kidonge huigonga pistoni kwenye mwisho wa silinda; kisha pini hutolewa na kutazamwa chini ya kioo cha kukuza. Mstari hafifu unaong'aa mahali wenzo ulipozunguka ni wa kawaida, lakini pini isiyobingirika sawasawa juu ya kioo bapa tayari imepinda, na dawa yake ni kipenyo kikubwa zaidi au wenzo uliojazwa kwa washa.

Tundu lililokwisha kuwa na umbo la yai halirekebishwi na pini ya chuma chochote. Huo ndio wakati wa kutoboa upya kwa kifaa cha kusawazishia tundu, kuta zote mbili kwa mpito mmoja ili zibaki katika mstari, hadi kipimo kinachofuata ambacho ufito wake hupatikana: kutoka inchi moja ya nane hadi milimita 3.5, au kutoka milimita 4 hadi 4.5, huku tundu la wenzo likipanuliwa kwa kiasi hichohicho. Wenzo wenye ngozi ngumu hukataa kifaa cha kawaida, kwa hiyo tundu lake husuguliwa kwa kijiti cha shaba nyeupe kilichopakwa unga wa kusagia, polepole, na kipimo kikichukuliwa kila mara hadi pini mpya ipite.